UZI: Chaneli za TV za muziki wa country wa Marekani, zilizinduliwa kwa ajili ya nani na kwa nini huku kwetu hazikufika

GitaaLaMbao (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kila baada ya muda mtu anaingia humu jukwaa la burudani anauliza, "Chaneli ya country inapatikana king'amuzi gani?" Wadau wanakisia mawili matatu, uzi unazama, na mwingine anakuja kuuliza lile lile. Leo nataka tulizungumze kwa mapana, maana jibu lake linaanzia mbali kuliko vifurushi vya huku.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kuzindua chaneli ni shughuli ya siku moja. Kazi yenyewe ni kuifikisha sebuleni kwa mtu, na hapo ndipo sisi wapenzi wa country wa Afrika Mashariki tumekuwa tukirukwa miaka yote, wakati tupo wengi na tupo tangu zamani.

Twende Machi 1983, Marekani. MTV, chaneli ya video za muziki, ilikuwa hewani tangu tarehe 1 Agosti 1981 na ilikuwa imeshaonyesha kwamba video inaweza kuuza wimbo. Tarehe 5 Machi 1983 ikaingia hewani chaneli iliyoitwa CMTV, ikirushwa kutoka Hendersonville, mji ulio jirani kabisa na Nashville, Tennessee. Mwanzilishi wake, Glenn D. Daniels, alikuwa na studio yake ya video hapo hapo na mtambo wa kurusha matangazo kwenda kwenye satelaiti. Video ya kwanza ilikuwa ya Faron Young. Haikuwa na mambo mengi: video, video, video. Baadaye MTV wakalalamikia jina kwamba linafanana na lao, herufi ya mwisho ikakatwa, ikabaki CMT hadi leo.

Siku mbili tu baada ya hapo, tarehe 7 Machi, ikazinduliwa The Nashville Network, yaani TNN. Hii ilikuja na nguvu nyingine kabisa. Nyuma yake walikuwepo WSM, redio ya Nashville iliyoanzisha Grand Ole Opry, onyesho la country la jukwaani linalorushwa redioni, mwaka 1925, pamoja na kampuni ya Group W kwa upande wa satelaiti. TNN haikutegemea video. Ilikuwa na kipindi cha Ralph Emery, Nashville Now, kilichorushwa kutoka Opryland, bustani ya burudani ya Nashville, hadi 1993: msanii anakaa, anahojiwa kwa utulivu, kisha anasimama na kuimba na bendi pale pale. Ukitazama vipande vya kipindi kile leo unaona wasanii wakongwe wakipewa heshima ya muda. Hakuna anayewakata kauli ili tangazo liingie.

Sasa swali la msingi: nani aliziona? Televisheni ya kulipia ya wakati ule Marekani ilikuwa ya nyaya. Kampuni ya nyaya ya mji wako ndiyo iliyoamua chaneli zipi zipite, na mitambo mingi ilikuwa na nafasi za kuhesabika. Chaneli mpya ilibidi imbembeleze kila mwenye nyaya, mji kwa mji. Na wapenzi wengi wa country walikuwa mashambani, ambako nyaya hazikufika kabisa. Hao walisimika madishi makubwa ya C-band nyuma ya nyumba, yenye upana wa mita tatu hivi. Sheria ya televisheni ya nyaya ya mwaka 1984 iliwahalalishia kupokea matangazo yaliyokuwa wazi, lakini Januari 1986 HBO, chaneli ya kulipia ya filamu, ikaanza kufunga mawimbi yake yasionekane bila kulipia, na wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo mtu wa shamba aliyeimbwa katika nyimbo hizo ndiye aliyehangaika zaidi kuziona kwenye TV. Hili huwa linaniuma, na mtaona linavyojirudia.

Naendelea hapo chini. Naomba tusiharibu uzi kwa ubishi wa timu.

---

BintiMeru

Nimeweka kambi mkuu. Swali: kwani hiyo CMT ilipata pesa wapi, kama wenye nyaya walikuwa wanaikwepa?

---

GitaaLaMbao

Swali zuri dada. Miaka ya kwanza ilikuwa ya kubangaiza, na ilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa, mmoja wao James William Guercio, yule mtayarishaji wa bendi ya Chicago. Mambo yaligeuka 1991, na kilichoyageuza hakikuwa ndani ya televisheni.

Mei 1991 jarida la Billboard liliacha kupanga chati za albamu kwa kupigia simu maduka na kuwauliza ni nini kinauzika. Likaanza kutumia SoundScan, mfumo unaohesabu mauzo pale kaunta wakati bidhaa inasomwa na mashine. Kabla ya hapo mwenye duka alitaja alichodhani kinauzika, na country ilikuwa ikisahaulika. Hesabu zilipoanza kuwa za kweli, ikaonekana country inanunuliwa nchi nzima. Septemba mwaka huo albamu ya Garth Brooks, Ropin' the Wind, ikaingia moja kwa moja nambari 1 kwenye chati ya jumla ya Billboard. Hakuna albamu ya country iliyokuwa imewahi kufanya hivyo.

Mwaka huo huo Gaylord, wenye Opryland na Opry, pamoja na Group W wakainunua CMT kwa dola milioni 34 hivi. Miaka sita baadaye, 1997, Westinghouse, ambao tayari walikuwa wamiliki wa CBS, wakazichukua TNN na CMT kutoka Gaylord kwa hisa za thamani ya dola bilioni 1.55. Watazamaji wale wale walikuwepo siku zote. Kilichoongezeka ni kuhesabiwa.

Na nguvu ya chaneli ikaonekana. 1991 Garth alitoa video ya The Thunder Rolls, inayohusu mume anayempiga mkewe. Yeye mwenyewe aliigiza mume huyo, amevaa ndevu na nywele za bandia. Mwishoni mke anaokota bastola. TNN na CMT wakaitoa hewani. Watu wakaanza kuitafuta kwa udi na uvumba, chaneli ya VH1 ikaionyesha, na Oktoba ikashinda tuzo ya CMA, chama cha muziki wa country, ya video ya mwaka. Kwa maoni yangu huo ndio mwaka ambao video ya country iliacha kuwa picha ya mtu ameegemea gari la pikapu na ikaanza kusimulia maisha ya watu. Na chaneli zilizopaswa kuwa nyumbani kwake ndizo zilizoifungia mlango.

---

Msafiri_Edmonton

Mkuu GitaaLaMbao heshima yako. Niko Alberta, Kanada, miaka mingi sasa, na huku country ni maisha ya kila siku. Ngoja nikuongezee nondo ya upande huu, kwa sababu mgogoro mkubwa kuliko yote kuhusu upatikanaji wa chaneli ya country ulitokea hapa, na uligeuka ugomvi wa nchi na nchi.

CMT ya Marekani iliruhusiwa kuonekana Kanada kupitia nyaya tangu 1984. Muongo mzima watu wa huku waliizoea. Juni 1994 CRTC, chombo cha serikali kinachosimamia utangazaji, kikatoa leseni kwa chaneli ya Kikanada, New Country Network. Kanuni ya wakati ule ilisema chaneli ya kigeni inaweza kuondolewa ikiwa itapatikana ya ndani ya aina ile ile inayoshindana nayo. CMT ikawa imepewa notisi. Wakaenda mahakamani, wakashindwa. Tarehe 1 Januari 1995 mtu alifungua TV kwenye ile namba ya kawaida akakuta chaneli nyingine kabisa.

CMT hawakukubali kirahisi. Wakaacha kuonyesha video za wasanii wa Kanada wasio na mkataba na kampuni za rekodi za Marekani. Fikirieni msanii wa Saskatchewan au Nova Scotia: chaneli aliyokuwa akiitegemea kumfikisha Marekani imemfungia, kwa ugomvi ambao yeye hakuuanzisha. Shania Twain alikuwa na mkataba na Mercury Nashville, kwa hiyo yeye hakuguswa, na 1995 hiyo hiyo ndiyo alitoa The Woman in Me. Wenzake waliobaki na kampuni za nyumbani ndio walioumia.

Serikali ya Marekani ikaingilia. Mwakilishi wake wa biashara, Mickey Kantor, akafungua uchunguzi na kutishia kuzichukulia hatua bidhaa na huduma za Kanada. Juni 1995 wakafikia maelewano: CMT ichukue asilimia 20 ya chaneli ya Kanada, na chaneli hiyo ipewe jina la CMT. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa CMT ya Kanada.

Mzee mmoja ninayefanya naye kazi alikuwa akiitazama tangu zamani. Anasema kilichomkasirisha si siasa, bali hakuna aliyewahi kumuuliza yeye mtazamaji.

---

Fundi_Dishi_Tegeta

Wakuu mnashusha madini. Ila naona swali la kichwa cha uzi bado halijajibiwa: huku kwetu ilikuwaje? Mimi nafunga madishi, nieleze kwa upande wangu.

Wateja wananiuliza, "Fundi, huwezi kunitegea chaneli ya Marekani?" Jibu ni hapana, na halihusiani na ukubwa wa dishi. Satelaiti za TV zinakaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, kila moja na nyuzi zake. DStv ipo nyuzi 36 mashariki. Azam ipo nyuzi 7 mashariki. Dar es Salaam tupo nyuzi 39 mashariki, kwa hiyo hizo mbili tunaziona vizuri angani. Satelaiti zinazohudumia Marekani zipo magharibi huko, nyuzi 90 hadi 120 na ushee. Kwetu sisi hizo zipo chini ya upeo, dunia yenyewe imezikinga. Hata ukifunga dishi la futi 20 juu ya ghorofa la Posta utaishia kulielekeza ardhini.

Maana yake chaneli ya Marekani haiwezi kukufikia kwa bahati. Lazima mtu akae mezani, alipie nafasi kwenye satelaiti inayotazama Afrika, alipie haki za kuonyesha nyimbo kwa nchi zetu, kisha kampuni ya king'amuzi ikubali kuiweka kwenye kifurushi. Hatua moja ikikosekana, hakuna chaneli. Watu wanamlaumu fundi bure.

---

BintiMeru

Fundi umenifungua macho. Kwa hiyo kuna mtu angeweza kukaa mezani na hakukaa.

---

GitaaLaMbao

Dada hapo ndipo penyewe.

Walikaa mezani kwa wengine. CMT ya Ulaya ilizinduliwa Oktoba 1992, ikaonekana Uingereza na nchi jirani. Katikati ya miaka ya 1990 wakapeleka matangazo Asia, Australia na Amerika ya Kusini. Ile ya Ulaya ikafungwa mwishoni mwa Machi 1998 kwa sababu ilikuwa inakula hasara. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: dunia nzima inatazama MTV, basi itatazama na hii. Ila kwenye kifurushi cha Uingereza country ilikuwa ikigombea nafasi na michezo na filamu, na mpenzi wa country wa Glasgow hakuwa na wingi wa kumtisha mwenye king'amuzi. Australia ilikuja kufanya vizuri zaidi kwa mkono wake yenyewe: 2004 wakaanzisha Country Music Channel ndani ya TV ya kulipia, ikiendeshwa huko huko, ikiwapa nafasi wasanii wao, ikadumu hadi 2020.

Katika mipango yote hiyo Afrika Mashariki haikuonekana. Na kinachoniudhi si kwamba tulikuwa wachache.

---

Kapkatet_Boy

Wachache wapi mkuu! Mimi ni mtu wa Kericho, na naona niweke hili hapa kwa sababu vijana wengi hawalijui.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyekuwa na makazi Afrika Kusini, alifika huku kwetu na vyombo vyake akarekodi wasichana wa Kipsigis. Waliimba wimbo wa Chemirocha. Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, yule mfanyakazi wa reli wa Mississippi aliyeingia kurekodi Bristol, Tennessee, mwaka 1927, na ambaye wengi wanamwita baba wa country. Sahani zake za gramafoni zilifika vijijini kwetu, watu wakasikia sauti na gitaa, na wasichana wakamwimba kama kiumbe nusu mtu nusu paa. Wakati huo Rodgers alikuwa ameshafariki miaka 17 nyuma, 1933. Rekodi ipo mpaka leo kwenye hifadhi ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na mwaka 2014 wahusika walirudi Kericho na nakala wakawasikilizisha wazee waliokuwepo.

Kwa hiyo country ilikuwa Kericho miaka 33 kabla Glenn Daniels hajawasha mtambo wake. Mtu akiniambia Kenya tuliipata country kwenye intaneti namuonyesha wimbo huo.

---

GitaaLaMbao

Asante sana kaka. Hili lingetosha kuwa uzi wake.

Na baada ya gramafoni ikaja redio. Kizazi cha wazazi wetu kilipata Jim Reeves, Skeeter Davis, Charley Pride na Don Williams kupitia redio ya taifa, na hapa Kenya wengi wanakikumbuka kipindi cha Sundowner cha KBC idhaa ya Kiingereza. Jim Reeves alifariki kwenye ajali ya ndege mwaka 1964, lakini nenda nyumba nyingi za huku kwetu bonde la ufa na mlima Kenya wakati wa Krismasi, utasikia sauti yake. Kaseti zake zilinakiliwa hadi utepe ukawa unavuma, na bado zikauzwa stendi.

Nchi za kusini mwa Afrika walielewa mapema. Jim Reeves mwenyewe alizuru Afrika Kusini na akacheza filamu huko, Kimberley Jim. Don Williams alipiga Harare 1997, na onyesho likarekodiwa na kutolewa kwa video, Into Africa. Tazameni ile hadhira: wanaume kwa wanawake, weusi, wanaimba kila ubeti kabla yeye hajaufikia, na yeye amekaa na kofia yake anatabasamu tu. Mwaka ule ule makampuni makubwa yalikuwa yakiuziana TNN na CMT kwa zaidi ya dola bilioni. Hakuna aliyeitazama Harare akasema kuna soko hapa.

---

Mlimani_City_Kid

Wakuu samahani, mimi niulize kwa nia njema. Huu si muziki wa wazungu wa mashambani kule? Sisi unatuhusu nini hadi tuudai uwe na chaneli?

---

BintiMeru

Mdogo wangu, acha nikujibu mimi.

Banjo, chombo kinachotambulisha country kuliko vyote, asili yake ni Afrika. Ilivuka bahari na watu waliopelekwa utumwani, na ndugu zake kama akonting bado zinapigwa Senegambia. Mmoja wa nyota wa kwanza kabisa wa Grand Ole Opry alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi, mpiga kinanda cha mdomo. Opry ilimwachisha 1941, akaishia kung'arisha viatu Nashville, na akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa country mwaka 2005, akiwa ameshafariki zaidi ya miaka 20. Charley Pride alikuwa mtumbuizaji wa mwaka wa CMA 1971.

Sasa sikiliza hili linalohusu mada. Wimbo wa mwisho wa Charley Pride kufika nambari 1 ya chati ya country ulikuwa wa 1983, mwaka ule ule CMT na TNN zilipozinduliwa. Ray Charles alifika kileleni 1985, lakini alikuwa ameimba pamoja na Willie Nelson. Msanii mweusi aliyefuata kufika nambari 1 akiimba peke yake ni Darius Rucker, 2008. Miaka 25. Yaani enzi yote ya dhahabu ya chaneli za country ilipita bila mtu mweusi kusimama juu peke yake. Televisheni haikuumba ubaguzi huo, ila ilikuwa na uwezo wa kuonyesha sura, na sura zilizochaguliwa zilikuwa za aina moja. Beyoncé alipofika nambari 1 ya chati ya country Februari 2024, mwanamke mweusi wa kwanza, banjo kwenye wimbo ule alipiga Rhiannon Giddens, ambaye amekuwa akiwaeleza watu miaka mingi chombo hicho kilitoka wapi.

Na kwa wanawake vivyo hivyo. Januari 2020 CMT wakatangaza kwamba muda wa video utagawanywa nusu kwa nusu kati ya wanawake na wanaume. Walifanya jambo jema na nawapongeza. Lakini walikuwa na miaka karibu 37 hewani.

Kwa hiyo unatuhusu. Ulitoka kwetu na umerudi kwetu.

---

Mlimani_City_Kid

Nimekuelewa dada, asante. Sikujua habari za DeFord Bailey.

---

Fundi_Dishi_Tegeta

Mkuu GitaaLaMbao, kuna jambo linanisumbua. MTV Base ya Afrika ilikuja 2005, na inatoka nyumba moja na CMT. Waliweza kuleta moja, walishindwaje kuleta nyingine?

---

GitaaLaMbao

Fundi umegonga penyewe. CMT iliingia kampuni ya Viacom mwaka 2000 Viacom ilipoungana na CBS, na MTV ilikuwa ya Viacom tangu zamani. Februari 2005 wakazindua MTV Base kwa ajili ya Afrika. Maoni yangu, na nayasema kama maoni, ni kwamba walitafuta vijana wa mijini kwa sababu matangazo ya simu na soda yanawatafuta hao. Mpenzi wa country wa huku ni mama wa miaka 50 wa Nyahururu, ni mwalimu mstaafu wa Meru, ni dereva wa lori anayelala Mariakani. Wana pesa, wananunua vitu, lakini hakuna aliyewapigia hesabu. Ni kama yale maduka ya rekodi kabla ya SoundScan.

Halafu tazama kilichotokea kwa chaneli zenyewe. TNN mwaka 2000 ikabadilishwa kuwa The National Network, neno Nashville likafutwa, na 2003 ikawa Spike. CMT nayo ikazidi kujaza tamthilia za zamani na vipindi vya maisha ya watu, video zikasukumwa asubuhi. Wapenzi wa video wakatengewa chaneli ya pembeni, inayoitwa CMT Music. Ile ya Kanada ambayo nchi mbili ziliigombea hadi kutishiana nayo iliishia vivyo hivyo, mdau wa Edmonton atathibitisha.

---

Msafiri_Edmonton

Nathibitisha. Kufika mwisho wa muongo wa 2010 video za muziki zilikuwa zimetoweka kabisa. Ukifungua unakuta vichekesho vya miaka ya nyuma. Jina la muziki limebaki, muziki umeondoka.

---

MamaWaNyahururu

Habari zenu wanangu. Nimesoma yote, na nimefurahi kuona vijana wanazungumza kwa heshima. Mimi ndiye huyo mama mliyemtaja. Niambieni kwa lugha nyepesi: leo hii, mimi na simu yangu na TV ya sebuleni, nitaipata wapi country bila kuhangaika? Bando si la bure.

---

GitaaLaMbao

Shikamoo mama, na karibu sana.

Kwa king'amuzi, usisubiri CMT. Kwa intaneti kuna njia. Mwaka 2020 wenye Opry kwa kushirikiana na Gray Television walizindua chaneli iitwayo Circle, Januari, na iliwekwa kwenye mawimbi ya bure ya antena za kawaida kule Marekani. Kwangu mimi huo ndio uzinduzi uliofanyika kwa akili kuliko yote, maana haukumwekea mtu wa shamba kizuizi cha nyaya wala kadi. Miezi miwili baadaye korona ikafunga kumbi. Opry haikusimama: waliendelea kupiga kila Jumamosi ukumbi ukiwa mtupu, viti tupu nyuma ya kamera, msanii mmoja au wawili na magitaa, na Circle ikarusha hadi kwenye intaneti. Watu wa nchi nyingi waliiona Opry kwa mara ya kwanza wakati ule. Hadhira ilirudi Oktoba. Mwisho wa 2023 Circle iliondoka kwenye antena ikabaki ya intaneti.

Angalizo: chaneli nyingi za bure za intaneti za Marekani zimefungwa kwa nchi, ukifungua kutoka huku zinagoma. Usilipe mtu anayekuahidi kukufungulia. Fanya hivi mama: WSM, redio ya Opry yenyewe, inasikika kwenye intaneti, na sauti inakula bando kidogo sana kuliko picha. Opry ya Jumamosi huanza saa moja jioni ya Nashville. Kwetu hiyo ni saa tisa usiku kuamkia Jumapili, na kuanzia Novemba wenzetu wakirudisha saa nyuma inakuwa saa kumi. Picha zitafute kwenye ukurasa wa Opry wa YouTube, wanaweka maonyesho mengi, na unaweza kuyatazama mchana.

---

Kapkatet_Boy

Na wa nyumbani msiwasahau. Mama mtafute Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, na Esther Konkara. Hao wanaimba country hapa hapa Kenya, jukwaani, na bendi. Wanavyojaza watu ni ushahidi tosha wa soko tunalolizungumza.

---

MamaWaNyahururu

Marahaba mwanangu, na asanteni wote. Esther namfahamu. Hiyo ya saa tisa nitajaribu, huwa naamka mapema kukamua.

---

Fundi_Dishi_Tegeta

Wakuu, basi nitoe wazo. TV za kidijitali za ndani zina saa nyingi usiku na alfajiri wanazojaza kwa marudio. Saa moja tu ya country Jumapili, nusu wasanii wetu, nusu wa nje wenye haki zilizolipiwa, haihitaji satelaiti mpya wala king'amuzi kipya. Nani humu anafanya kazi kituo cha TV? Mimi nitakusanya majina ya watazamaji wa Dar na Arusha.

---

GitaaLaMbao

Fundi nakuunga mkono kwa mikono miwili. Mimi nachukua Nakuru na Nyandarua, Kapkatet_Boy achukue Kericho na Bomet, BintiMeru achukue Meru na Embu. Kila mtu aandike mji, umri, na saa anayoweza kutazama. Msiandike namba za simu hapa. Majina yakitosha tunapeleka barua kwa mameneja wa vipindi, na barua hiyo tutaibandika humu kabla haijatumwa ili mrekebishe.

---

BintiMeru

Meru mjini, 41, Jumapili saa mbili usiku.

---

Msafiri_Edmonton

Mimi siko huko, lakini mama yangu yupo Eldoret. 68, Jumapili baada ya ibada.